Uganda: Shamba Likilala, Kiwanda Nacho Hulala



Wengi wetu tulio viwandani hudhani kilimo ni shauri la jamaa tuliowaacha kijijini. Tutazame mji wa Jinja.

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaendesha kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile. Umeme ulitoka mtoni, lakini pamba ilitoka kwa mkulima mdogo wa Busoga, Teso na Lango, mwenye jembe lake la mkono. Nyuzi zilikwenda kufumwa. Mbegu zilikamuliwa mafuta ya kupikia na ya sabuni, na mashudu wakala ng'ombe. Hesabuni wenyewe: mchambuaji, dereva wa lori, mpakiaji wa reli, mfumaji, mpika sabuni, na karani pia. Wote hao walikula kwa pamba ile ile.

Mwaka 1970 Uganda ilitoa marobota zaidi ya 400,000. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, na baadhi yao ndio waliokuwa wakiendesha mashamba makubwa ya chai na miwa. Mashine zikakosa vipuri. Mkulima akapeleka pamba, akangoja malipo mpaka akachoka. Akafanya ambalo hata sisi tungefanya: akaacha pamba, akapanda muhogo wa kula. Kufika mwaka 1980 pamba haikufikia hata robo ya ile ya zamani, na chai ikashuka kutoka tani zaidi ya 20,000 mwaka 1972 hadi chini ya tani 2,000. Vitambo vya Jinja vikanyamaza, na wafumaji wakarudi kwao mikono mitupu.

Ikabaki kahawa. Katika miaka ya 1980, kwa kila shilingi 100 za mauzo ya nje, zaidi ya 90 zilitoka kwenye kahawa. Petroli, vipuri, dawa za hospitali, vyote vilinunuliwa kwa fedha hizo. Lakini mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, basi kahawa ikapita kwa magendo mpaka Kenya, hasa kupitia Chepkube bei ilipopanda mwaka 1976 na 1977. (Wengine waliiita wizi. Sisi tunauliza nani alianza.)

Katika mwaka wa fedha 2023/24 Uganda iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6 ya kahawa, yakaleta zaidi ya dola bilioni 1. Tunafurahi. Lakini kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, Rais akakataa kutia sahihi. Mchuma chai na mpakiaji wa magunia bado wanalipwa kwa matakwa ya mwenye mali, na nguo mpya ya kiwandani hawawezi kuinunua.