Kuhariri Jeni Kadhaa kwa Pamoja: Tumaini na Tahadhari

Seli T ni askari wa kinga ya mwili. Katika aina mojawapo ya lukemia, askari hao hao ndio wanaoasi na kugeuka saratani. Hapo tabibu hukabiliwa na mtihani mgumu: seli T za kuwaangamiza waasi huweza kutengenezwa, lakini alama inayowatambulisha, protini iitwayo CD7, imo pia juu ya seli hizo. Zikiachwa hivyo, zitauana zenyewe kwa zenyewe.

Kubadili jeni moja hakutoshi. Seli zilizotolewa kwa mtu mwenye afya hubidi zipoteze vitu vitatu: CD7, kipokezi kinachozifanya ziushambulie mwili wa mgonjwa, na CD52, inayolengwa na dawa ya kuidhoofisha kinga ya mgonjwa isizikatae.

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa CRISPR, mkasi wa kimolekuli unaoongozwa na RNA, huweza kukata DNA ya seli za binadamu mahali zaidi ya pamoja kwa wakati mmoja. Lakini kila mkato huacha ncha mbili, na ncha za kromosomu tofauti huweza kuungana visivyo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililochapishwa mwaka 2020, ambamo jeni tatu zilihaririwa, lilibaini miunganiko ya namna hiyo, ingawa ilipungua baada ya seli kuingizwa mwilini mwa wagonjwa.

Mwaka 2016 maabara ya David Liu, Chuo Kikuu cha Harvard, ilibuni njia nyingine: kugeuza herufi moja ya DNA, C kuwa T, bila kuikata minyororo yote miwili. Badiliko dogo hilo laweza kuinyamazisha jeni nzima.

Mwezi Mei 2022, hospitali ya Great Ormond Street, London, ilimpa seli zilizohaririwa hivyo msichana wa miaka 13 ambaye lukemia yake ilikuwa imerejea baada ya kupandikizwa uboho. Siku 28 baadaye saratani haikuonekana tena. Akapandikizwa uboho upya. Miongoni mwa wagonjwa watatu wa kwanza, hata hivyo, mmoja alifariki kwa maambukizi ya kuvu. Herufi za jeni zilisahihishwa kwa ustadi. Kumlinda mgonjwa asiye na kinga kungali kazi ya wodini, usiku na mchana.