Je, Wajua? Biri Iliyolala Miaka Arobaini

Je, wajua kuwa biri ya Havana iliyosokotwa kabla ya Fidel Castro kushika nchi mwaka 1959 bado inaweza kuwashwa na kuvutwa leo? Biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, haiandikwi tarehe ya kuharibika. Ikitunzwa inavyotakiwa hudumu miaka 20, 40, hata 60, na kwenye minada ya London kuna makasha yanayouzwa kwa maelfu ya pauni. Mnunuzi mgeni huuliza kwanza, "Ina miaka mingapi?" Mzoefu huuliza, "Ililazwa wapi?" Ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu biri ya nusu karne iliyosahaulika juu ya kabati lenye joto haina thamani yoyote, hata kama chapa yake inasifiwa dunia nzima.

Je, wajua kuwa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijiwekea akiba kwanza kabla ya kuwafungia wenzake mlango? Mapema Februari 1962 alimwita msemaji wake, Pierre Salinger, akamwambia anahitaji biri 1,000 za Kuba aina ya Petit Upmann kufikia kesho yake asubuhi. Salinger, naye mvutaji, alizunguka maduka ya Washington jioni ile akapata 1,200. Kennedy alipopewa hesabu alifurahi, akafungua droo ya meza yake, akatoa hati ya kupiga marufuku bidhaa za Kuba, akatia saini. Habari hii aliisimulia Salinger mwenyewe mwaka 1992.

Biri zilizokwisha kuingia Marekani kabla ya marufuku hazikuguswa. Ni halali kuwa nazo mpaka leo, na hapo ndipo lilipozaliwa soko la biri za kabla ya vikwazo. Hata marobota ya tumbaku ya Kuba yaliyokuwa kwenye maghala ya Tampa, Florida, yaliendelea kusokotwa miaka kadhaa hadi yakaisha.

Utajuaje umri wa kasha? Ligeuze chini juu. Makasha ya zamani zaidi yana maandishi ya Kiingereza yanayotaja Havana, Kuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaja ya Kihispania, Hecho en Cuba, na tangu 1989 yakaongezwa maneno Totalmente a mano, yaani yote yamefanywa kwa mkono. Ukikuta kasha linalodaiwa ni la 1975 huku lina maneno hayo ya mwisho, rudisha pesa zako mfukoni.

Kuanzia 1985 viwanda vya Kuba vilipiga pia mhuri wa tarehe kwa fumbo. Tarakimu kumi zilipewa herufi kumi za maneno NIVEL ACUSO: N ni 1, I ni 2, V ni 3, E ni 4, L ni 5, A ni 6, C ni 7, U ni 8, S ni 9 na O ni 0. Kasha lenye mhuri OASC, kwa hiyo, lilifungwa mwezi wa 06 mwaka 97. Wakusanyaji walilifumbua fumbo hilo, likaachwa, na siku hizi mwezi na mwaka hupigwa waziwazi.

Je, wajua kuwa tumbaku ya biri na ile ya Tabora hufuata njia mbili tofauti kabisa baada ya kuvunwa? Mkulima wa Urambo hukausha jani lake la Virginia kwenye bani, kwa joto la moto, siku chache tu, na sukari hubaki ndani ya jani. Jani la biri hutundikwa kivulini, likapigwa na hewa kwa wiki nyingi mpaka sukari iishe. Kisha hulundikwa na kuvundikwa kama ndizi. Lundo hujipasha moto lenyewe, hugeuzwa na kupangwa upya, na amonia hutoka humo kwa harufu inayochoma macho. Tofauti hiyo huonekana mdomoni. Moshi wa sigara ya kawaida una asidi, na nikotini yake huhitaji mapafu ili iingie mwilini. Moshi wa biri una alkali, nikotini hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na ndiyo sababu mvuta biri hamezi moshi.

Kuvundika huko hakuishii kiwandani. Biri iliyotoka mezani kwa msokotaji huendelea kubadilika ndani ya kasha, polepole sana. Miezi ya mwanzo huwa na harufu ya amonia, na wavutaji husema biri inaumwa. Mkusanyaji wa Hong Kong, Min Ron Nee, aliyechapisha mwaka 2003 kitabu kinene kuhusu biri za Kuba za baada ya mapinduzi, anaeleza ngazi zinazofuata: kupona, kukomaa kwa kwanza, kwa pili, na kwa tatu. Hiyo ya tatu huja baada ya miaka mingi, na si kila biri huifikia. Biri nyepesi huchoka mapema. Zile kali, ambazo ukizivuta changa hukufunga koo, ndizo zenye akiba ya kufika mbali.

Sasa hiyo iliyofika mbali inavutwaje? Kwanza haishikwi kwa pupa. Jani la nje limepungukiwa mafuta na unyumbufu, na kucha tu hulipasua. Kichwa hukatwa kwa wembe mkali, kidogo sana, maana kikibanwa na chombo butu biri yote hufumuka. Njiti ya kiberiti huachwa kwanza mpaka salfa iungue, ndipo moto usogezwe karibu bila kugusa. Pafu la kwanza huwa karibu tupu, na wengi hudhani wameibiwa. Subiri sentimita mbili ziungue. Hapo hujitokeza majani makavu ya chai, ngozi ya viatu vya zamani, mbao, pengine utamu wa mbali wa asali, kimoja baada ya kingine. Ile pilipili ya kwenye ulimi imeondoka. Anayetafuta nguvu hatapata kitu hapa. Pafu moja kwa dakika linatosha. Ukiharakisha, joto hufuta kila kilichohifadhiwa, na ukiiacha izimike, kuiwasha tena huleta uchungu.

Na nyingine zimekufa. Moshi unapanda vizuri, jivu linasimama, mdomoni kuna ladha ya karatasi. Jirani yake wa kasha hilohilo anaweza kuwa mzima, kwa kuwa kila moja ilisokotwa peke yake kwa mkono. Ni hasara ambayo mnunuzi wa biri kongwe anaikubali tangu anapolipa.

Jambo linalonigusa zaidi ni mbegu. Kwa miongo mingi jani la nje la biri za Kuba lilitokana na mbegu ya Corojo, iliyopewa jina la shamba la El Corojo huko Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río. Lilikuwa na ladha iliyosifiwa kila mahali, lakini lilishindwa na magonjwa. Ukungu wa buluu uliofumuka mwaka 1979 na 1980 uliangamiza sehemu kubwa mno ya zao la kisiwa kizima, viwanda vikakosa kazi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Corojo ya asili ilikuwa imeachwa, nafasi yake ikachukuliwa na mbegu chotara zinazostahimili magonjwa. Biri ya mwaka 1970, basi, si ya mwaka huu iliyozeeshwa. Imetoka kwenye mmea ambao mashamba ya Kuba hayaupandi tena, na kila inayowashwa hupunguza kilichobaki.

Je, wajua kuwa Zino Davidoff, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa na duka Geneva, aliwahi kuchoma biri zake mwenyewe? Anatajwa miongoni mwa wa kwanza Ulaya kuzihifadhi kwenye chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Kuba ilimsokotea biri zenye jina lake. Mwaka 1989, akilalamikia ubora, aliteketeza hadharani zaidi ya 100,000. Miaka michache baadaye kazi ikahamia Jamhuri ya Dominika, na Davidoff za Kuba zilizobaki sasa hutafutwa kwa udi na uvumba.

Mti wa makasha unaitwa "mwerezi wa Hispania", lakini si mwerezi wala hautoki Hispania. Ni Cedrela odorata wa Amerika ya tropiki, wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Tanzania unao: ulipandwa kwa ajili ya mbao, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umesambaa hadi kuisonga miti ya asili. Mbao zake hunywa unyevu na kuurudisha taratibu, na harufu yake huwasaidia watunzaji kufukuza wadudu.

Huwafukuza, lakini haiwamalizi. Fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne, hutaga ndani ya jani, na joto likipita takriban nyuzi 24 mayai huanguliwa, mabuu yakatoboa kasha zima. Watunzaji hulenga nyuzi chini ya 20 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70, hali ambayo Dar es Salaam au Mombasa haipatikani bila mashine. Vyumba vya chini vya London vilikuwa na ubaridi huo kwa asili, na wafanyabiashara wa huko walizoea kulaza biri kabla ya kuuza. Unga mweupe juu ya jani? Wauzaji huusifia kuwa mafuta yaliyoganda kwa ukongwe. Mara nyingi ni ukungu tu.

Mmoja wa wateja wa London, Winston Churchill, alifungua hesabu yake ya biri kwenye duka la Robert Lewis, mtaa wa St James's, London, mwaka 1900. Kipande alichokiacha nusu mwaka 1947 mjini Paris kiliuzwa mnadani mwaka 2017 kwa zaidi ya dola 12,000.

Lakini umri hauondoi sumu. Kemikali za saratani zilizo kwenye tumbaku hutokea wakati huohuo wa kukausha na kuvundika, na biri moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara. Sigmund Freud, mvuta biri, aligunduliwa na saratani ya mdomo mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30, akafariki 1939. Jenerali Ulysses Grant wa Marekani, aliyezawadiwa maelfu ya biri baada ya ushindi wa Fort Donelson mwaka 1862, aliuawa na saratani ya koo mwaka 1885.

Castro mwenyewe aliacha kuvuta mwaka 1985, kwa maelezo kwamba hawezi kuwaomba Wakuba waache huku yeye ana biri mdomoni. Cohiba, iliyoanza kusokotwa kwa ajili yake miaka ya 1960 na kugawiwa marais na mabalozi, haikuingia madukani hadi 1982. Makasha ya kabla ya hapo ni ya zawadi tu, na ni miongoni mwa yanayogombewa zaidi kila yanapofika mnadani.