Mshipa Umezibuliwa: Je, Moyo Umepona?

Mgonjwa wa moyo anaporudi nyumbani baada ya kuzibuliwa mshipa, jamaa hushangilia kana kwamba vita vimekwisha. Shangwe hiyo ni ya haki, lakini kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, nchini Uswisi, Daktari Andreas Grüntzig alipitisha mpira mwembamba katika mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38, akakijaza kipira kidogo mpaka njia ya damu ikapanuka. Kifua hakikupasuliwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye mshipa ule ulikuwa ungali wazi. Tangu mwaka 1986 madaktari huweza kuacha humo kibomba cha waya, kiitwacho stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Si wote wapatao bahati hiyo. Daktari atajuaje nani ataishi miaka mingi? Hapigi ramli, bali huhesabu. Kipimo kiitwacho SYNTAX hapo awali kilitazama mishipa tu: imeziba mingapi, wapi na kwa kiasi gani. Wagonjwa 1,800, waliotibiwa kwa stenti ama kwa upasuaji, walifuatiliwa hata miaka 10. Ndipo mwaka 2020 kikatolewa kipimo kipya kinachomtazama mtu mzima: umri, mafigo, nguvu ya moyo kusukuma damu, ugonjwa wa sukari, ugonjwa sugu wa mapafu, kuziba kwa mishipa ya miguu, na uvutaji wa sigara.

Tuitafakari orodha hiyo. Umri haurudi nyuma. Lakini sigara huzimwa, na sukari huweza kudhibitiwa kwa chakula na dawa. Hesabu ya daktari hueleza yawapatayo wengi walio katika hali moja. Si hukumu ya mtu mmoja.

Basi mama wa nyumba na amwulize daktari: dawa hizi zitanywewa kwa muda gani? Naye askari aitwapo safarini, asiziache nyumbani kwa kuwa kifua hakimwumi. Dawa za kuzuia damu isigande zikikatizwa mapema bila ruhusa, stenti yaweza kuziba ghafula na kuua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.