Vwawa, Jirani wa Kimondo

Mabasi ya Tunduma hayakawii Vwawa. Abiria hununua ndizi dirishani, konda anaita, na safari inaendelea kuelekea mpakani, kwenye foleni za malori ya Zambia na Kongo. Jina kubwa limebaki kwa Tunduma, ingawa makao makuu ya Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, yako hapa katika mji huu wa wakulima.

Vwawa imekaa juu ya uwanda wa Mbozi, nchi ya Wanyiha, ambao walikuwa mafundi wa chuma muda mrefu kabla ya majembe ya dukani kufika. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa mkaa ndani ya tanuru za udongo zilizomzidi mtu kimo, wakasafisha kilichopatikana katika kitanuru kidogo, ndipo wahunzi wakafua majembe, shoka na mikuki. Kazi hiyo ilidai miti mingi na siku nyingi.

Na hapo hapo Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, kulikuwa na bonge la chuma kutoka angani. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Takribani asilimia 90 ni chuma. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vitabu humtaja mpima ardhi W. H. Nott kuwa ndiye aliyekigundua mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakikifahamu tangu zamani, na ni haki yao hilo lisemwe. Hakuna shimo la mshindo lililoonekana, dalili kwamba kilianguka zamani mno, mvua na udongo vikafuta alama. Udongo ulichimbwa kukizunguka ili kionekane chote, na tangu 1967 ni kumbukumbu inayolindwa na serikali. Ukikikaribia utaona pembe iliyokatwa na watafiti.

Mahindi na maharage hulisha nyumba. Ada ya shule hutoka kwenye kahawa. Mbozi ni miongoni mwa maeneo makuu ya arabika nchini, na kituo cha utafiti wa zao hilo kiko Mbimba. Buni huchumwa zikiwa nyekundu, humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja.

Wageni wengi huona kimondo na kugeuza gari siku hiyo hiyo. Wanakosa mengi. Anayekuja Juni hadi Septemba hukuta barabara ya vumbi ya Ndolezi ikiwa kavu na mavuno yakiendelea, kwa hiyo asubuhi aitumie kwenye kimondo, na mchana akaombe ruhusa kwa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa atembelee vichanja.