Redio Isiyolala Ndiyo Inayomaliza Betri

Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavisha punda milia wa Laikipia, Kenya, kola zenye GPS, redio na vipande vya sola. Mradi uliitwa ZebraNet. Haukutegemea minara ya simu: punda wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana taarifa za walikopita, hata mtafiti akimfikia mmoja apate na habari za wenzake.

Kupokezana huku kunaonekana kubana umeme. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya kurushia huongezeka mara nne. Penye miti na vizuizi huzidi hapo. Kwa hiyo ujumbe ukipitia kifaa kilicho katikati ya safari, kila mrushaji hutumia robo tu ya nguvu ile.

Lakini hesabu hiyo imemsahau anayepokea. Chukua CC2420, redio iliyotumika sana kwenye vifaa vya utafiti. Kurusha kwa nguvu yake yote hula miliampea 17.4, kupokea, 18.8. Na kusubiri ujumbe usiokuja hula sawasawa na kuupokea, maana sikio la redio liko wazi muda wote. Betri mbili ndogo za AA zilizoungwa mfululizo, zenye takriban miliampea-saa 2,500, zitaisha ndani ya siku sita hata kama hakuna neno lililosemwa. Redio hiyohiyo ikiamka asilimia moja tu ya muda, hesabu inavuka mwaka.

Ugumu ni kuwakutanisha waliolala. Itifaki ya S-MAC ya mwaka 2002 huwapangia majirani saa za kuamka pamoja. B-MAC, ya 2004, humtaka mrushaji abishe hodi kwa muda mrefu kuliko usingizi wa jirani. Naiona bora pale ujumbe unapotokea kwa nadra. Kola za Laikipia zilikuwa na bahati: GPS ilizipa zote saa ileile.

Hata hivyo, vifaa vilivyo karibu na kituo cha kukusanyia taarifa hubeba mizigo ya wote. Vikizimika, vya mbali vinabaki na betri zilizojaa na hakuna wa kuvipokelea. Ndiyo maana njia fupi kuliko zote si lazima iwe njia bora; afadhali kuzunguka kupitia jirani mwenye chaji. Na anayefunga mtandao wa aina hii shambani asigawe betri kwa usawa: sola kubwa, au vifaa vya ziada, viwekwe karibu na kituo.