Wangazija Walio Marseille

Katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Bukini, viko visiwa vya Komoro: Ngazija, Anzuani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vilipata uhuru mwaka 1975, Maore ikabaki chini ya Ufaransa. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili.

Watu wa huko ni wasafiri tangu zamani. Wengine walihamia Unguja, wengine Bukini. Lakini mwezi wa Desemba 1976 Wakomoro wengi waliuawa katika mji wa Mahajanga, na maelfu wakarudishwa visiwani. Wengi walipakiwa katika ndege za Sabena, kampuni ya Ubelgiji. Kwa hiyo wakaitwa "Sabena". Baadhi yao walizaliwa Bukini, hata hapo nyumbani wakawa kama wageni.

Wengine walikwenda Ufaransa. Wa kwanza walikuwa mabaharia, waliotia makaa katika matanuri ya meli, wakakaa katika bandari ya Marseille. Leo wako huko maelfu mengi.

Kwa nini hawasahau kwao? Sababu moja ni ndoa kubwa ya Ngazija. Mwanamume aliyeifanya huitwa "mdru mdzima", yaani mtu mzima. Asiyeifanya, ijapokuwa ana mvi, huhesabiwa miongoni mwa "wanamdji", wana wa mji, na neno lake barazani halina uzito. Ndoa hiyo hutaka dhahabu, ng'ombe na karamu za mji mzima. Basi mtu hufanya kazi Marseille miaka mingi, akikaa katika vyumba vya kupanga, huku akijenga nyumba nzuri kisiwani kwa ajili ya binti yake.

Fedha hizo zina faida: hulisha jamaa, na vyama vya watu wa mji mmoja hujenga shule, barabara na misikiti. Lakini watoto waliozaliwa Marseille huuliza: mbona fedha zote zinakwenda mahali tusipopajua? Baba ana heshima kule, watoto wana maisha huku. Tarehe 30 Juni 2009 ndege yenye watu 153 ilianguka baharini karibu na Ngazija. Wengi walikuwa wametoka Ufaransa kwenda likizo na arusini. Aliokoka msichana mmoja tu.

Mimi namaliza shule mwaka huu. Kaka yangu yuko mjini mwaka wa sita. Hutuma karo yangu kila muhula, lakini mama hamwoni ila Krismasi. Zamani nilimlaumu. Sasa naona kwamba karo ile ndiyo njia yake ya kuwapo nyumbani. Lakini mama hutaka kumwona yeye mwenyewe pia. Ninyi mliotutangulia kutoka hapa shuleni, mmepita njia hiyo. Tuandikieni, mtuambie: mtu hugawanyaje moyo mmoja pasipo kuupasua?