"Ni muchoko tu": kwa nini mama anachoka, na sahani yake inasema nini



Kuna neno ambalo mama zetu wa huku Bukavu wanalisema karibu kila siku: "Ni muchoko tu, itapita." Anapanda mlima na mzigo kichwani, anasimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani: ni muchoko tu. Anainuka haraka, kichwa kinazunguka, anashika ukuta: ni muchoko tu. Leo ana nguvu, anacheka, anafua nguo za nyumba nzima. Kesho yake anakaa kwenye kiti, mikono baridi, na nyumba yote inanyamaza. Watu wanasema ndiyo maisha ya mama. Mimi nataka kueleza kwamba mara nyingi si maisha tu. Ni hesabu ya kinachoingia mwilini na kinachotoka, na hesabu hiyo tunaweza kuifanya siye wenyewe.

Mimi si daktari. Niko na lisansi ya agronomia. Lakini hesabu hii nilikutana nayo kwanza kwenye mimea. Mmea ukikosa chuma, majani machanga yanageuka ya njano, mishipa yake tu ndiyo inabaki kijani. Na mara nyingi ukipima udongo, unakuta chuma kimejaa. Kiko pale, lakini kiko kwa namna ambayo mizizi haiwezi kukichukua. Kila mwanafunzi wa kilimo anajifunza hilo: kuwa na kitu ndani ya udongo si sawa na kuwa nacho ndani ya jani. Sasa ondoa udongo, weka sahani. Ondoa jani, weka mama.

Tuanze na mwili. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini mwake mwote, uzito wa msumari mmoja. Sehemu kubwa iko ndani ya damu, kwenye hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli, moyo na ubongo. Chuma kikipungua, hemoglobini inapungua, na moyo unalazimika kupiga haraka ili oksijeni kidogo iliyopo ifike kila mahali. Ndiyo maana mama anahema kwenye mlima ambao mwaka jana alikuwa anaupanda akiimba. Si uvivu, si uzee, wala si mawazo peke yake.

Mwanaume anapoteza kama miligramu 1 ya chuma kwa siku, kupitia ngozi na tumbo. Mwanamke anapoteza karibu hiyo hiyo, halafu anaongeza damu ya kila mwezi. Tena kuna mimba. Mimba moja inadai kama gramu 1 ya chuma. Sehemu inarudi kwa mama baada ya kuzaa, lakini ile iliyokwenda kwa mtoto, kwenye kondo la nyuma na kwenye damu ya kuzaa hairudi. Mama aliyezaa mara sita ametoa chuma kwa watoto sita, na kati ya mtoto na mtoto mara nyingi hakupata muda wa kujaza tena.

Kwa hiyo wataalamu wa lishe wa Marekani wanapendekeza miligramu 8 za chuma kwa siku kwa mwanaume mzima, na 18 kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50. Akiwa na mimba, 27. Shika namba hizo mbili za kwanza, 8 na 18, halafu tuingie jikoni.

Nyumbani kwetu tuko watoto sita, mimi ni binti wa kwanza. Mama anauza maharagi kwenye soko la Kadutu, na ni hayo maharagi yaliyolipa minerval yangu tangu sekondari. Sahani ya kwanza ni ya papa, na kipande kikubwa cha nyama kikiwepo, ni chake. Kisha wageni. Kisha watoto, wavulana wakipata kidogo zaidi juu wanacheza mpira. Mama anakula mwisho, mara nyingi akiwa amesimama, fufu na mchuzi uliobaki chini ya chungu. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Mama yake alikula hivyo, na nyumba nyingi za mtaa wetu zinafanya vivyo hivyo. Lakini tazama hesabu: mwenye kuhitaji 18 anakula baada ya mwenye kuhitaji 8, na anapata kile kilichobaki.

Mwaka uliopita mama alianza kutafuna ule udongo mweupe unaouzwa sokoni. Alikuwa anasema unamtuliza moyo. Hamu ya kula vitu ambavyo si chakula, kama udongo au barafu, inajulikana kuwa dalili moja ya kukosa chuma. Na udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni kisiingie kwenye damu, kwa hiyo mtu anazidi kupungukiwa. Kwa umri wake wa miaka 48, damu ya mwezi nayo ilikuwa imeanza kuja nyingi na bila mpango, jambo linalotokea kwa wanawake wengi wanapokaribia kukoma hedhi. Alikuwa hamwambii mtu. Nilimvuta kope ya chini ya jicho: ndani palikuwa peupe karibu kama karatasi. Viganja vya mikono, vivyo hivyo.

Kwenye kituo cha afya walimpima. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita moja ya damu, tunasema ana anemi. Mwenye mimba, chini ya 11. Mama alikuwa na 8,2. Muuguzi alimwangalia akasema: "Mama, hii damu haikuishaka leo. Ulikuwa unatembea namna gani?" Mama akajibu: "Nilikuwa natembea tu, binti yangu. Nani angeenda soko?"

Hapo ndipo uchumi wa nyumba unaonekana. Mama akilala siku tatu, hakuna mauzo siku tatu, na deni la muuzaji wa jumla linakua. Kwa hiyo anaenda akiwa mgonjwa, anauza kidogo juu hana nguvu ya kuita wateja, anarudi na pesa kidogo, anapunguza chakula, na anaanzia kwenye sahani yake mwenyewe.

Majirani walitoa mashauri mengi: beterave, juisi nyekundu, tomate ya kopo. Wanatoa kwa upendo, lakini rangi nyekundu si damu. Beterave ina chuma kidogo tu. Tuseme basi chuma kiko wapi, na kinaingia namna gani.

Kuna chuma cha aina mbili kwenye chakula. Kile cha nyama, maini, kuku na samaki kinaingia kwa urahisi zaidi. Kile cha maharagi, sombe, lengalenga na nafaka kinaingia kwa shida. Maharagi yana chuma kingi, lakini yana pia fitati, kitu ambacho mbegu inatumia kuhifadhi fosfori yake, na fitati inakamata chuma tumboni kama vile udongo mbaya unavyokikamata shambani. Chai na kahawa zinafanya kazi hiyo hiyo. Kikombe cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingeingia. Mama alikuwa anakula maharagi yaliyolala kila asubuhi, na pembeni chai kali ya majani. Alikuwa anakula chuma, halafu anakifungia mlango.

Lakini kuna vitu vinavyofungua mlango. Vitamini C ni cha kwanza: limao, machungwa, mapera, nyanya mbichi. Limao likamuliwe sahani ikiwa tayari mezani, si ndani ya chungu kinachochemka, maana moto mrefu unaharibu vitamini hiyo. Cha pili ni samaki ama nyama hata kidogo. Kiganja kimoja cha sambaza ndani ya sombe hakileti tu chuma chake, kinasaidia pia chuma cha sombe kuingia. Cha tatu ni kulowesha maharagi usiku kucha na kumwaga yale maji. Fitati inapungua kidogo, na maharagi yanaiva haraka. Kwa bei ya makala ya sasa, hiyo peke yake inatosha kuwashawishi wenye nyumba.

Nyumbani tulibadilisha mambo manne, na hakuna hata moja lililotuomba pesa nyingi. Chai ilisogezwa, mama anaikunywa saa moja ama mbili baada ya kula. Maharagi yanaloweshwa. Limao liko mezani. La nne lilikuwa gumu zaidi: sahani ya mama inapakuliwa pamoja na ya papa, kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza papa aliuliza: "Sasa hii ni desturi ya wapi?" Nikamweleza kuhusu 8 na 18. Papa ni mtu wa hesabu, alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Alinyamaza, akachukua kipande cha nyama kutoka sahani yake akakiweka kwenye ya mama. Mama akakirudisha. Walirudishiana mara mbili mbele ya watoto, mwisho mama akakila.

Lakini nisiwadanganye: mtu wa 8,2 haponi kwa limao. Chakula kinalinda na kinasaidia, dawa ndiyo inayojaza pengo. Mama alipewa vidonge vya feri. Wiki ya kwanza tumbo lilimuuma na choo kikawa cheusi, akataka kuacha. Choo cheusi na feri ni kawaida. Kwa maumivu ya tumbo turudi kwa muuguzi, ndivyo tulivyofanya, naye akapanga upya jinsi ya kumeza. Jambo lingine ambalo watu wengi hawaambiwi: nguvu zikirudi, dawa haijaisha. Baada ya hemoglobini kupanda, kwa kawaida mgonjwa anaendelea kama miezi mitatu ili akiba ya mwili ijae. Ukiacha mapema, miezi michache tu na muchoko unarudi.

Tena, si kila anemi inatoka kwenye kukosa chuma. Malaria inavunja chembe za damu. Minyoo ya safura inanyonya damu ndani ya utumbo. Vidonda vya tumbo na uvimbe kwenye kizazi vinatoa damu taratibu. Na kwetu Kongo kuna watu wengi wenye SS, ugonjwa wa kurithi ambao unahitaji matibabu yake tofauti. Kwa hiyo usimnunulie mama feri kwenye farmasi ya njiani na kusema umemaliza. Apimwe kwanza, na aulizwe pia kuhusu damu ya mwezi. Mama wengi hawatasema hilo mbele ya watoto wa kiume, kwa hiyo dada wa nyumba amsindikize, ama shangazi, ama mama mdogo.

Sasa niseme neno kwa wenzangu wa kilimo. Maharagi ya kawaida yana kama miligramu 50 za chuma kwa kilo. Watafiti walichagua mbegu zenye chuma kingi zaidi, wakilenga 94, na mbegu za namna hiyo zimefanyiwa kazi pia hapa kwetu, kwenye kituo cha INERA Mulungu. Jirani zetu wa Rwanda walijaribu maharagi hayo kwa wasichana wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma. Baada ya siku 128 za kuyala, hemoglobini yao ilipanda zaidi kuliko ya wale waliokula maharagi ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Hao hawakuwa wazee, walikuwa wanafunzi kama wasomaji wa ukurasa huu. Dada unayesoma usiku kwa chai na mkate, hesabu hii ni yako pia.

Halafu kuna kobayi, wale simbilisi wanaozunguka jikoni kule Kabare na Walungu. Wanakula majani na maganda, hawahitaji shamba kubwa, wanazaa mara nyingi kwa mwaka. Tunawadharau kwamba ni nyama ya watoto. Kwa mama asiyeweza kununua kilo ya ng'ombe, jike wanne na dume mmoja ni nyama kidogo kidogo, mara kwa mara, na hiyo ndiyo namna chuma kinavyotakiwa kuingia.

Mama sasa yuko na 11,4. Bado hajafika 12, na bado kuna siku anaamka mzito, kuna siku magoti yanamuuma, kuna siku deni la soko linamnyima usingizi. Feri haiondoi hayo yote. Lakini udongo mweupe ameacha, na mlima anaupanda akisimama mara moja tu, mara nyingi kwa sababu amekutana na rafiki wa kuongea naye.

Wiki hii, jioni moja, msaidie mama kupakua chakula. Hesabu nani amepata nini, na nani amekula wa mwisho. Mwombe akuonyeshe ndani ya kope na viganja. Pakiwa peupe, usikubali jibu la "ni muchoko tu". Mpeleke apimwe, kisha uanze na sahani yake.